Lifti ya Mbwa

Wito ulimkuta Teodora amepiga magoti mbele ya beseni, anamwosha mama yake miguu. Aliyeuleta hakuingia uani. Alisimama nje ya ua wa minyaa, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu aliyekuwa akikariri njia nzima kwamba dagashida imekaa uwanja wa shule, watu wote wapo, na binti wa Ndalahwa anatakiwa akajibu kosa.

"Kosa gani?" Teodora aliuliza, sabuni ingali mkononi.

"La kubeba mbwa na kuacha watu."

Teodora alicheka, akidhani ni utani. Mama yake, bibi Paskazia, hakucheka. Aliutoa mguu kwenye beseni, akaukausha kwa khanga yake mwenyewe, akasema, "Nenda. Ila usiende na hasira." Kumwambia Teodora asiende mahali na hasira ni sawa na kumwambia asiende na kichwa.

Dagashida, kwa asiyeijua, ni mkutano wa Wasukuma wa kijiji kizima. Polisi wanaweza kukusahau, mahakama inaweza kuahirisha kesi yako mpaka ukazeeka, lakini dagashida haisahau wala haiahirishi. Na kule Itandula, juu ya mlima unaolitazama ziwa upande wa Magu, hakuna aliyewahi kuidharau akaendelea kuishi na watu.

Basi tuanze na hao mbwa, maana bila wao kesi haipo.

Teodora aliishi Nyakato, mjini Mwanza, nyuma ya viwanda, ambako aliwapikia wafanyakazi wa zamu chakula cha mchana. Alikuwa na mbwa wanne wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala: Jeshi, Bosi, Tabu, na jike mzee aliyeitwa Shangazi. Majina aliyatoa marehemu mume wake, Maige. La Shangazi alilitoa kwa sababu hakuna mgeni aliyepita getini bila kuhojiwa ametoka wapi na amefuata nini. Zamani walikuwa watano. Jumamosi moja Teodora alikwenda mlimani kumwona mama yake akawaacha nyumbani, wezi wakawatupia nyama yenye sumu. Aliporudi alimkuta mmoja amelala getini, ulimi nje, amekauka. Tangu siku hiyo aliapa kwamba atakapokuwa yeye na wao watakuwapo, na kila Jumamosi asubuhi alifungua milango ya gari lake la Noah, wakajipakia wenyewe.

Alianza kwa hofu, akaendelea kwa raha. Hilo ndilo watu hawakulielewa. Wakishapita Kisesa, vioo vinashushwa, Jeshi anatoa kichwa kushoto, Bosi kulia, Tabu anasimama katikati kama kondakta, Shangazi amekaa siti ya mbele anaangalia barabara kama vile yeye ndiye atakayeulizwa ikitokea ajali. Magu wanaiacha lami. Njia inaanza kupanda kati ya mawe makubwa yaliyobebana, kona baada ya kona, gari linanguruma kwa gia ya kwanza, vumbi jekundu nyuma, na kila kona ziwa linaonekana kubwa zaidi. Karibu na juu kuna mahali panaitwa Kona ya Jiwe. Hapo Teodora husimama. Mbwa wanashuka, wanapanda juu ya jiwe, wanakaa na pua zao wamezielekeza kwenye upepo. Yeye anamimina chai ya chupa, anakula kiazi kitamu cha jana, anatazama. Kwa mbali Ukerewe, na siku isiyo na ukungu unaweza kuapa kwamba umeiona meli ya Nansio ikirudi mjini. Hakuwa na sababu nyingine ya kusimama pale. Alipapenda tu.

Na hapo, tuseme ukweli, ndipo kosa lake lilipoanzia. Mwanamke mjane akipanda mlima na gunia kichwani anaitwa mchapakazi. Akipanda analia anaitwa mwenye uchungu. Akipanda na gari, akasimama njiani kunywa chai na kutazama maji, kila apitaye anajisikia ametukanwa. Jamani, ziwa ni la nani? Limewekewa uzio lini? Lakini maneno yalishaanza kusagwa visimani kwamba mke wa Maige siku hizi anawatembeza mbwa, anawaonyesha mandhari.

Noah yenyewe nayo ilikuwa na historia. Maige alipokuwa hai ndiyo iliyopandisha na kushusha watu wa Itandula: wagonjwa, mabibi harusi, magunia ya mpunga. Alipokufa, Teodora hakuendelea na kazi ya abiria, lakini watu wa mlimani waliendelea kuihesabu kuwa ni yao. Ikionekana tu, mkono unanyooshwa. Pua ya mbwa ikichungulia dirishani, mkono unashuka na mdomo unaanza. Wala si kwamba alikuwa anawanyima. Aliyekubali kukaa na mbwa alipanda, na wanafunzi walipanda sana, wakabanana na Tabu wakicheka mpaka juu. Wakubwa ndio waliokuwa na heshima zao.

Mwenye heshima kuliko wote alikuwa bibi Rebeka, mama mzazi wa mzee Chenge anayeiongoza dagashida. Jumamosi moja Teodora alimkuta katikati ya mlima, furushi la dagaa kichwani, jua linachoma. Akasimamisha gari, akashuka kabisa.

"Shikamoo, bibi. Karibu upande."

"Marahaba. Nipande wapi?"

"Mbele. Huyu namhamishia nyuma kwa wenzake."

Bibi Rebeka alichungulia ndani. Bosi akamchungulia naye, mate yanadondoka. "Wanipumulie shingoni? Washushe. Wakimbie nyuma ya gari, ndiyo kazi ya mbwa."

"Bibi, huyu wa mbele ni mzee, hauwezi mlima."

"Na mimi ni kijana?"

Swali lilikuwa la haki, na baadaye Teodora alilikumbuka zaidi ya mara moja. Wakati ule alisikia amri tu, na amri hakuwahi kuipenda tangu utoto. "Hawashuki, bibi. Nafasi ipo na mlango uko wazi."

Bibi Rebeka aligeuka akaanza kutembea. Teodora alimfuata polepole na gari, kioo kimeshushwa, anambembeleza kama mtoto aliyesusa chakula. Bibi hakugeuza shingo. Mwishowe Teodora akampita, na jioni ile mguu wa bibi Rebeka ukavimba mpaka gotini, akalala. Hayo ndiyo yaliyotokea, na ndiyo yaliyoitisha mkutano.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na mzee Chenge amesimama katikati na fimbo yake. Ni mtu wa maneno matamu, na siku hiyo aliyatumia yote.

"Ndugu zangu, mlima huu umeona magari. Umeona ya wagonjwa, ya harusi, ya maiti. Haujawahi kuona gari la kuwapeleka mbwa matembezi. Pale Kona ya Jiwe wanashushwa. Wanakaa chini. Wanaangalia ziwa." Alinyamaza ili watu wacheke, nao wakacheka. "Mbwa wanaangalia ziwa, na wazee wanakanyaga changarawe."

Teodora alisikia masikio yakipata moto. "Nani kati yenu ameniomba lifti nikamnyima? Anyanyuke hapa."

Hakuna aliyenyanyuka.

"Mama yangu hawezi kunyanyuka," Chenge alisema. "Amelala na mguu."

"Mama yako nilimsimamishia gari. Nikashuka, nikamwamkia, nikamwambia akae mbele."

"Na akakuomba mbwa washuke. Ukamwambia hawashuki. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

Basi, kesi ikawa imekwisha hapo hapo. Ukitaka kushindwa dagashida, sema ukweli mapema. Wazee walisogezeana vichwa, na Chenge akatoa hukumu. Binti wa Ndalahwa atalipa mchenya, yaani faini ya chakula: mbuzi wawili na ugali wa kuwatosha watu wote, Jumamosi ijayo, uwanja ule ule. Na kabla watu hawajatawanyika ataapa kwamba mbwa hawatapanda tena mlima huu ndani ya gari. Mpaka hayo mawili yatimie ametengwa, yeye na mji wake. Hakuna kumsalimia, hakuna kumwazima moto, hakuna kuchota maji kwa ajili yake.

Na mji wake wa mlimani ulikuwa upi? Ulikuwa ule wa mama yake. Bibi Paskazia alikuwa na macho mabovu na miguu mibovu zaidi. Wiki nzima Teodora akiwa mjini, aliyemchotea maji na kumpelekea uji alikuwa Dorcas, jirani wa ua kwa ua. Teodora alimtafuta Dorcas kwenye kundi la wanawake. Dorcas alikuwa anachunguza kucha zake. Hukumu ilisomwa kwa mtu mwenye gari na kazi mjini, lakini kiu ingemshika kikongwe asiye na habari na mbwa wa mtu.

Mbuzi hakuwaona tatizo, wala ugali. Kupika ndiyo kazi yake. Kiapo ndicho kilichomshinda. Aape kwamba hatasimama tena pale kwenye jiwe na wanyama wake? Aape kwa nani, na kwa lipi alilomkosea Mungu?

"Mzee Chenge," alisema, "nikuulize neno moja halafu nikae. Mwaka ule wa mvua nyingi nilikuwa nimemfunga baba yangu kwenye baiskeli, nateremka naye kumpeleka hospitali. Ukanipita na lori lako la Kenta. Ulikuwa umebeba nini?"

Chenge aliangalia fimbo yake.

"Ng'ombe. Gari lilikuwa limejaa, binti. Wangemkanyaga mzee."

"Ulishusha hata mmoja?"

"Ng'ombe ni ng'ombe. Walikuwa wanakwenda mnadani, ni mali ya watu."

Na watu wakaitikia kwa vichwa. Hicho ndicho kilichomchoma Teodora kuliko hukumu yenyewe: wakaitikia, wale wale waliokuja kumzika Ndalahwa, waliojua fika kwamba alikata roho juu ya baiskeli kabla ya kuifikia lami, huku mwanawe amemshika kiuno ili asidondoke matopeni. Maige hakuinunua Noah kwa sababu nyingine. Aliinunua kusudi mtu wa mlima ule asife tena kwenye keria ya baiskeli, na miaka yote hiyo waliipanda bila kumuuliza sababu.

"Kwa hiyo kumwacha mtu njiani si kosa," Teodora alisema. "Kosa ni kumwacha kwa ajili ya mbwa. Ungemwacha kwa ajili ya ng'ombe ungekuwa mwenyekiti."

"Ya kale hayanuki," mzee mmoja alisema kutoka nyuma, kwa upole.

"Yananuka," Teodora akamjibu. "Mpaka leo yananuka." Akaondoka uwanjani bila kuaga.

Hakurudi mjini wiki ile. Jiko lake la Nyakato lilibaki limefungwa, na wafanyakazi wa zamu walikula wanakojua wao. Kila asubuhi alibeba ndoo kwenda kisimani, mbwa wanne nyuma yake. Akiwaamkia "mwangaluka", wanawake wanageuza nyuso, tena wale waliosoma naye darasa moja. Ndoo zao walizisogeza zisigusane na yake. Siku moja alikutana na Dorcas uso kwa uso kwenye njia nyembamba, na Dorcas, aliyemlisha mama yake uji kwa mkono wake, akaingia kwenye mashamba ya mihogo kumpisha kana kwamba anapisha gari. Teodora alirudi nyumbani akautupa mtungi wa mama yake chini ukapasuka, kisha akakasirika zaidi kwa sababu mtungi ulikuwa mzuri.

"Tuhame, mama," alisema jioni. "Twende mjini. Wabaki na mlima wao."

"Baba yako yuko pale nyuma ya nyumba. Nimwachie nani?"

"Basi mimi sipiki. Na siapi. Wanitenge mpaka wachoke."

Bibi Paskazia alikuwa ameegemea ukuta, Shangazi amelaza kichwa kwenye mapaja yake. Ule uhusiano wa wazee wawili wasioona vizuri ulikuwa wa siku nyingi. "Nani huanza kula mchenya?" aliuliza.

"Aliyekosewa."

"Na asipokuja?"

"Chakula hakiguswi mpaka afike. Mama, hayo nayajua."

"Aliyekosewa ni nani?"

"Bibi Rebeka."

"Mguu wake umepona?"

"Hata kidogo. Nasikia anajikokota mpaka mlangoni tu. Na pikipiki alishaapa hapandi tangu ile iliyomtupa korongoni."

"Na Jumamosi ni siku ya nini?"

Hapo ndipo Teodora alipoelewa. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Kenta ya Chenge, gari pekee la mlimani, ingeondoka alfajiri imejaa madume, isirudi mpaka jioni.

"Pika, mwanangu," bibi Paskazia alisema, macho amefumba. "Upike kinukie. Habari ya kiapo iache mpaka washibe."

Jumamosi Teodora alipika kama anayepikia maadui, yaani vizuri mno. Mbuzi wawili walichemka na vitunguu na nyanya, mchuzi ukawa mzito, ugali wa udaga, unga wa muhogo, ukasongwa kwenye masufuria makubwa ya shule. Harufu iliteremka mlima, ikaingia kwenye nyumba za waliokuwa wanasitasita, ikawatoa. Noah aliiegesha pembeni ya uwanja, mbwa ndani, vioo nusu, pua nne nje. Watu walinawa mikono wakakaa kwa makundi. Masinia yakafunikwa yakisubiri.

"Aliyekosewa aanze," mzee mmoja akatamka, kama ilivyo desturi.

Chenge aliangaza huku na huku. Kumbe katika kupanga kote kule, jambo la mama yake kufikaje hakulipanga. Alimtuma mtu na pikipiki. Mtu akarudi peke yake, akasema bibi amemwambia akamwambie aliyemtuma kwamba kufa atakufa, lakini si kwa pikipiki.

"Kenta?" mtu aliuliza.

"Iko mnadani," mwingine akajibu, na wote walikuwa wanalijua jibu.

Wali unaweza kupoa ukaupasha. Ugali ukipoa umekwenda. Minong'ono ilianza kwa wanawake, ikavuka kwa wanaume, na macho, moja baada ya jingine, yakahamia pembeni ya uwanja ambako Bosi alikuwa anawapigia watu miayo kupitia dirishani. Chenge alitembea mpaka kwa Teodora. Alitembea taratibu, kama mtu anayepita kwenye matope na viatu vipya.

"Binti wa Ndalahwa. Ungetusaidia gari."

"Gari lipo."

"Na hao mbwa?"

Teodora alikuwa amelisubiri swali hilo wiki nzima, alilisubiri kisimani, alilisubiri kwenye moshi wa jikoni. "Hawashuki," alisema.

Mzee Chenge aligeuka kuwaangalia watu wake. Hakuna aliyemsaidia. Tumbo halina mwenyekiti. "Nenda nao," akasema, chini chini.

Bibi Rebeka alikaa upande wa chini wa mlima, kona kadhaa kutoka shuleni. Teodora alimkuta ameketi mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, amejifunga khanga mpya. Ilionekana amejiandaa tangu asubuhi.

"Shikamoo, bibi. Chakula kinakusubiri."

"Marahaba. Kenta iko wapi?"

"Imepeleka ng'ombe mnadani."

Bibi Rebeka aliitazama Noah, akawatazama mbwa, kisha akatazama alama za magurudumu ya Kenta uani kwake, mbichi za alfajiri. "Leo," alisema. "Siku ya mchenya wangu." Uso wake ulibadilika, na Teodora aliujua ule uso, alikuwa akiuona kwenye kioo wiki nzima.

"Huyo mzee wako mpeleke nyuma," bibi aliamuru. "Mbele ni kwangu."

Teodora alimhamisha Shangazi bila neno. Akampandisha bibi, akamnyooshea mguu. Njia nzima bibi Rebeka alilalamika: kwamba huyu mwekundu anapumua kama mvukuto, kwamba yule mwingine mkia wake unapiga watu, kwamba gari lina harufu. Walipokaribia Kona ya Jiwe mbwa wote wanne walianza kulialia kwa mazoea.

"Wanalia nini?"

"Hapa huwa tunasimama, bibi. Leo tunapita, watu wana njaa."

"Simama."

"Bibi, ugali unapoa."

"Nimesema simama. Wacha wangoje, na mimi nimengoja."

Akasimama. Mbwa wakamiminika wakapanda jiwe lao. Bibi Rebeka hakushuka. Mlango ulifunguliwa tu, akageuza mwili, na ziwa likawa lote mbele yake, kutoka miguuni pa mlima hadi Ukerewe, bluu mpaka linaumiza macho. Teodora alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akaipokea akainywa.

"Nimeolewa mlima huu nikiwa na miaka kumi na saba," bibi alisema mwishowe. "Napandisha dagaa hapa kila siku ya soko. Ukiwa na mzigo kichwani huangalii pembeni, unaangalia unapokanyaga. Nilijua ziwa liko huku. Sikujua liko hivi."

Teodora alidhani bibi amefurahi. Alipomwangalia aliona kwamba amekasirika.

"Kenta ile nimeipanda mara moja," bibi Rebeka aliendelea. "Siku ya kumzika baba yake Chenge. Nilikaa nyuma na jeneza. Twende."

Walipofika uwanjani watu walisimama. Bibi Rebeka alishuka amemshika Teodora bega, mbwa wakashuka nyuma yao kwa adabu ambayo hata Teodora hakuitarajia, na Shangazi akatangulia kunusa viatu vya wazee. Hakuna aliyemfukuza. Bibi alikalishwa kwenye kiti, akanawishwa mikono, sinia likafunuliwa mbele yake. Alimega tonge, akalikanda, akalishika.

"Chenge."

"Naam, mama."

"Ng'ombe wako wako wapi leo?"

"Wako mnadani, mama."

"Wamekwenda kwa miguu?"

Chenge aliihamishia fimbo mkono wa pili.

"Nakuuliza wewe unayeongoza watu. Wamekwenda kwa miguu?"

"Wamekwenda na gari, mama."

"Mimi nimekuja na mbwa," bibi Rebeka alisema, akachovya tonge kwenye mchuzi, akala. Alitafuna polepole na kijiji kizima kikimtazama taya. "Chakula kizuri. Aliyekosewa ameshakula. Kuna lingine?"

"Kulikuwa na kiapo," Chenge alisema.

"Kiapo cha nani, chako au changu? Aliyeumia mguu ni nani hapa?" Hakungoja jibu. Alimega tonge la pili, na hapo mikono ikaanza kuingia kwenye masinia kila upande, na ukimtafuta mtu wa kuzungumzia kiapo hungempata, maana midomo ilikuwa na kazi.

Hakuna aliyemwomba Teodora radhi. Msidhani. Walikula wakasaza kidogo, wakasema mchuzi umekubali, wakamrudishia salamu zake kana kwamba walikuwa wamezihifadhi tu. Dorcas alikuja mchana ule na ndoo ya maji kichwani, akaingia ua wa bibi Paskazia, akasalimia "mwadila". Bibi Paskazia akamwitikia kwa furaha, akamuuliza habari za watoto. Teodora alikuwa hapo hapo anaosha masufuria. Aliendelea kusugua. Ugomvi huisha haraka kwa walioshiba; aliyepika huwa bado ana masizi mikononi.

Alipokuwa anawapakia mbwa kurudi mjini, mzee Chenge alikuja peke yake, fimbo kwapani. Alishika mlango wa dereva, upande wa kioo kilichoshushwa. Hakumwangalia Teodora. Alimwangalia Shangazi, ambaye alikuwa amerudishiwa siti yake.

"Mama anauliza kama Jumamosi ijayo utapita," alisema. "Anataka kwenda sokoni."

"Nitapita. Mwambie mbele ni kwake."

Chenge aliitikia kwa kichwa, lakini mkono haukuondoka. "Siku ile ya mzee Ndalahwa," alisema. "Mvua ilikuwa kubwa sana. Mtu alikuwa haoni mbele."

"Najua," Teodora alisema. "Uliniona. Ulipunguza mwendo ndipo ukapita."

Alisubiri aone kama lipo jingine. Halikuwapo. Akawasha gari, likakaa linanguruma pale pale, mpaka mzee Chenge alipouondoa mkono wake mlangoni.